Upepo wa Ubavuni na Makonyo ya Wawi

Tibirinzi, Chake Chake,
Pemba.

Kwako Baba,

Shikamoo. Kabla sijasema langu nataka kujua lako. Lile goti bado linakuamsha alfajiri, au dawa ya kuchua niliyompa Kaka Hamisi akuletee imelitia adabu? Na Mama je, presha imetulia? Yeye nikimuuliza atasema imetulia hata kama haijatulia, kwa hiyo nakuuliza wewe. Mimi mzima. Nakula, nalala, na nimenenepa kidogo kwa sababu mwenye nyumba wangu hajui kupika chakula cha mtu mmoja.

Najua utaigeuza hii bahasha mara mbili tatu ukijiuliza tangu lini Rehema anaandika barua na simu anayo. Baba, tatizo ni simu yako. Kila nikipiga unaiweka spika, na kabla sijamaliza kukuamkia nasikia kinyozi Shabani ananiuliza nitarudi lini, na nyuma yake kuna mtu anacheka. Haya ninayotaka kukueleza siyo ya kinyozi. Ndiyo maana nimeandika, na nimempa Mwalimu Nuru, mwenzangu wa Singida anayefundisha huku, ambaye anakuja likizo kwao. Amekula kiapo kwamba hataifungua.

Ni habari ya ile ajali. Ulipoona ile video kwenye simu ya Hamisi ukanipigia, nilikuambia, "Ulikuwa upepo tu, Baba." Ukaniambia niache kazi nirudi nyumbani. Nikasema nitafikiria. Sasa nakuomba radhi, kwa sababu siku ile nilikudanganya mara mbili. Haukuwa upepo tu, na wala sikuwa na nia ya kufikiria.

Nianze na upepo wenyewe, maana najua utauelewa kuliko watu wengi. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniambia kuhusu kupita na Isuzu pale uwandani, turubai limefungwa juu ya magunia ya alizeti, na upepo unalipiga gari ubavuni? Ulikuwa unasema upepo unaovuma sawasawa hauna shida, unaukatia usukani kidogo na mnaenda. Shida ni ule unaoacha halafu ukarudi kwa kishindo, unakukuta umeshaunyoosha usukani. Basi ndege ndogo kama yangu, ya abiria kumi na wawili, wakati wa kutua ni hivyo hivyo. Upepo ukitoka ubavuni, wewe unakuja ukiwa umeielekeza pua upande unakotoka upepo, ndege inakwenda upande upande kama kaa mpaka karibu na ardhi. Pale mwisho kabisa unainyoosha kwa miguu, kwenye pedali, unaulaza kidogo ubawa wa upande wa upepo, tairi la upande huo linagusa kwanza, halafu la pili, halafu la mbele. Ukiuona upepo unakuja kwa vishindo, husubiri uone utakufanya nini. Unaongeza nguvu, unanyanyuka, unazunguka, unajaribu tena ukitulia. Hakuna aibu. Ndivyo tulivyofundishwa siku ya kwanza, na ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wengine.

Sasa nikueleze kuhusu Bi Mize, kwa sababu bila yeye hutaelewa nilichokosea.

Bi Mize ndiye mwenye nyumba ninayokaa hapa Tibirinzi. Ni mjane, watoto wake wote wako Maskati na Unguja, na mimi amenifanya ndiye mtoto aliyebaki. Ana ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Shamba lao la mikarafuu liko Wawi, na nyumba ya dada yake iko karibu sana na uwanja wa ndege, kiasi kwamba nikija kutua naona hata rangi ya ndoo zao. Msimu wa karafuu ukifika, uwanja mzima wa nyumba unatandikwa majamvi, na juu yake zinaanikwa karafuu. Mchana zinakaa juani, jioni zinaingizwa ndani. Mvua ikitaka kunyesha, wanawake wote wanatoka mbio kuzianua, maana karafuu ikishaloa inaharibika rangi na kazi ya wiki nzima inakwenda na maji.

Msimu uliopita alinichukua nikasaidie kuchambua. Tulikaa sebuleni tukizitenga karafuu na vikonyo vyake, mikono ikanuka siku tatu. Nikamuuliza wanajuaje kwamba mvua inakuja, maana mara mbili niliwaona wakikimbia jua likiwa bado linawaka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kwamba ana njaa.

"Weye watazama mitambo yako, sie twatazama majamvi," akaniambia. "Ntu mwenye karafuu zakwe nje hana haja ya redio."

Nikalishika hilo neno. Wiki ile ile nikiwa nakuja kutoka Unguja, nikatazama chini upande wangu wa kushoto, nikawaona wanawake wa Wawi wanakunja majamvi. Nikauliza mnarani, kwa wale wanaoongoza ndege, nikaambiwa upepo ni wa kawaida. Nikazunguka tu kwa hiari yangu. Dakika chache baadaye ikashuka mvua ya mchoo, ile ya ghafla inayokuja na upepo wake kutoka upande wa kusi, na uwanja wote ukawa hauonekani. Baba, nilijiona nimekuwa mtaalamu. Tangu siku hiyo kila nikija kutua nilikuwa nawatazama wale wanawake kwanza, halafu ndiyo natazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye nguzo pembeni ya uwanja. Wakikimbia nazunguka. Wasipokimbia natua. Ilinifaa mara nne au tano. Na kwa kuwa mdomo wangu unaujua, niliwasimulia marubani wenzangu. Wakacheka, halafu nao wakaanza kutazama.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa na abiria wanane. Safari nzima ilikuwa nzuri, kisiwa kikaonekana, kijani mpaka baharini. Nilipokaribia, kijana wa mnarani akaniambia upepo unatoka ubavuni, kushoto kwangu, na umeanza kuchafuka. Akasema, "Bado uko ndani ya kipimo, Rehema, lakini ukipenda subiri, kuna wingu upande wa mashariki." Alisema vizuri, na nilimsikia vizuri. Nikaliona na hilo wingu. Lilikuwa dogo.

Nikatazama chini. Majamvi yametandikwa Wawi nzima, yamejaa, na hakuna mtu anayekimbia. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kizingitini anasukwa nywele. Nikajiambia kama hawa hawana wasiwasi, mimi nina wasiwasi wa nini. Nikamjibu kijana wa mnarani kwamba natua.

Mpaka juu ya lami kila kitu kilikuwa sawa. Nikainyoosha ndege. Hapo ndipo upepo ukaacha kabisa, kama mtu aliyeacha kusukuma mlango, nami nikapunguza mguu. Kisha ukarudi. Ubawa wa kushoto ukanyanyuka, tairi la kulia likapiga lami kwa nguvu, pua ikageukia kule upepo unakotoka, na kabla sijaikamata tulikuwa tumeshatoka pembeni, tunakimbia kwenye majani. Kulikuwa na mfereji. Tairi la mbele likaingia humo likavunjika, propela ikala udongo, na ndege ikasimama imeinamisha pua, mita chache kutoka uzio. Ng'ambo ya uzio palikuwa na muhogo wa mtu. Nikazima kila kitu nikageuka nyuma.

Nilitaka kuwauliza kama wako salama. Aliyenitangulia kusema ni mzee mmoja wa Chokocho, Mzee Ngwali, aliyekuwa anatoka Dar kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa kitambaa. Alikwenda kwa boti, na kurudi ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege.

"Tushafika?" akauliza.

"Tumefika, Mzee," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Nlidhani twaendelea."

Alikuwa anadhani ndege zote zinatua vile. Mama mmoja aliyejiuma mdomo akaanza kucheka huku analia, wengine wakafuata, na kicheko hicho ndicho kilichoniinua kitini. Nikafungua mlango, nikawashusha mmoja mmoja. Hakuna aliyeumia zaidi ya ule mdomo. Hatujafika hata kwenye lami mvua ikatunyeshea wote. Ndiyo hiyo sehemu uliyoiona kwenye video, mimi nimemshika mzee mkono na kofia yangu nimemvisha yeye kisiloe kile kitambaa.

Nilirudi nyumbani jioni, nguo zimenikaukia mwilini. Bi Mize alikuwa ameshaandaa uji wa pilipili manga na alikuwa amelia, ingawa alikana. Nilipokunywa nusu bakuli nikamwambia, "Bi Mize, na nyinyi leo mmenisaliti. Mvua inakuja na mmekaa tu, karafuu ziko nje."

Akaweka upawa chini. "Karafuu zipi?"

"Zile za Wawi. Majamvi yote yalikuwa yamejaa, nimeyaona kwa macho yangu."

Mara nikaona mabega yake yanatikisika. Akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Yale makonyo, mwanangu," akasema. "Mvua hino tangu asubuhi yanukia. Karafuu tushaanua zamani, ziko ndani. Tukatandaza makonyo. Ntu gani avunjike mguu kukimbilia makonyo?"

Baba, makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Nimevichambua kwa mikono yangu mwenyewe. Nilichokuwa sijui ni kwamba na vyenyewe huanikwa, kwenye majamvi yale yale, na vikiloa hakuna anayejali sana, kesho vitakauka tena. Kutoka angani ni kitu kimoja, jamvi lenye kitu cha kahawia. Kila mtoto wa Wawi angeniambia tofauti. Mimi nimetoka Singida, nikaangusha ndege kwa ajili ya makonyo.

Nilicheka naye usiku ule. Asubuhi sikucheka tena, kwa sababu ilinibidi niandike ripoti.

Mkuu wetu wa marubani ni Kapteni Swai, mtu mzima, mpole, anayenitakia mema. Alikuja na ndege ya kwanza, akaikagua ile iliyovunjika, akanipeleka pembeni. Nikamweleza kila kitu, pamoja na majamvi. Akasugua paji la uso kwa muda mrefu.

"Rehema, kijana wa mnarani alikupa upepo ulio ndani ya kipimo?"

"Ndiyo."

"Halafu ukaja upepo wa ghafla?"

"Ndiyo."

"Basi andika hivyo. Hujasema uongo. Huo upepo haujawahi kwenda mahakamani kujitetea."

Akanieleza na sababu, na zote zilikuwa za kweli. Nikiandika upepo wa ghafla, nitapumzishwa wiki mbili na mambo yatakwisha. Nikiandika kwamba niliambiwa nisubiri nikakataa kwa kutazama uwanja wa nyumba ya watu, hakuna anayejua nitafanywa nini. Wanaweza kuninyang'anya nafasi ya kuongoza ndege, na rubani aliyenyang'anywa si rahisi mtu mwingine kumchukua. Mwanamke ndiyo kabisa, maana kuna watu wanaosubiri tu kupata la kusema.

Usidhani nilikuwa shujaa. Nilirudi Tibirinzi nikaandika upepo wa ghafla. Niliandika vizuri, kwa mwandiko uliotulia. Nilikufikiria wewe ulivyoiuza ile Isuzu nikasome, na jinsi ulivyokuwa ukiulizwa na watu kama umerukwa na akili, kumpeleka binti akajifunze kurusha ndege. Nikasema siwezi kuipoteza kazi hii kwa sababu ya makonyo. Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye bahasha.

Jioni akaja mwenzangu Dani kunipa pole. Dani tulianza kazi pamoja, na njia zetu ni zile zile. Akakaa barazani, akala mkate wa kumimina wa Bi Mize, akataka kunifariji.

"Usijilaumu kabisa," akaniambia. "Hata ningekuwa mimi ningetua. Juzi upepo ulikuwa mbaya vile vile, nikatazama chini, majamvi yako nje, nikatua. Mbinu yako ni nzuri, bahati tu ilikuwa mbaya."

Nikamuuliza kama juzi ile aliwahi kujua kilichokuwa kwenye majamvi. Akasema karafuu, nini kingine?

Dani juzi alikuwa na abiria kumi na mmoja. Alitua kwa mafunzo yangu, na mafunzo yangu yalikuwa makonyo. Na kule Unguja kulikuwa na wengine wawili niliowasimulia kwa mbwembwe, na hao huenda nao wamesimulia wengine. Nikiandika upepo wa ghafla, wote watasoma, watasema pole Rehema, na kesho wataendelea kutazama majamvi. Nikamweleza Dani ukweli pale pale. Akaacha kutafuna.

Baada ya yeye kuondoka nikaichana ile ripoti, nikaandika nyingine. Hii mwandiko wake ulikuwa mbaya. Niliandika nilichoambiwa, nilichoona, nilichodhani, na nani na nani niliwaambia mbinu ile. Nikaeleza na makonyo ni nini, kwa sababu nilijua watauliza.

Na kweli waliuliza. Niliitwa Unguja, nikakaa mbele ya watu watatu. Mmoja wao, bwana mwenye miwani, akasoma mpaka hapo akanyanyua kichwa. "Makonyo ndiyo nini?" Aliyekuwa kushoto kwake, ambaye nilikuja kujua ni mzaliwa wa Wete, akafunika mdomo kwa leso na kujifanya anakohoa. Lakini hawakuwa watu wa mzaha. Walinihoji saa mbili. Waliniuliza kwa nini sikusubiri, mara tatu, kwa maneno tofauti, na mara zote tatu nilijibu kwamba nilijiamini kupita kiasi. Hakuna jibu jingine.

Uamuzi ulikuja baada ya siku tisa. Hizo siku tisa sitaki kuzisimulia, ila Bi Mize alinipikia kila siku na kila siku akala yeye. Sikufukuzwa, Baba. Nilitolewa kiti cha kushoto, cha rubani anayeongoza, nikawekwa kiti cha kulia kwa miezi miwili, kama msaidizi wa Kapteni Swai, na mwisho wake nitahiniwe upya. Na wakatoa waraka kwa marubani wote, mistari minne tu, kwamba upepo unasomwa kwenye vipimo, kwenye soksi na kutoka mnarani, siyo kwenye nyua za wananchi. Dani alitoa nakala akaibandika mlangoni kwangu. Mjinga yule.

Miezi miwili nilikaa kulia, na nilijifunza zaidi ya nilivyotarajia. Kapteni Swai hakunisema hata mara moja kwa kutomsikiliza. Siku ya tatu tu, tukiwa angani, aliniambia, "Ningekuwa mimi nisingeandika," halafu akanipa usukani. Nadhani alikuwa ananisifu.

Bi Mize naye hakuweza kunyamaza. Aliwasimulia Wawi nzima, na kwa muda kila nikipita sokoni Chake naulizwa bei ya makonyo. Halafu wale wanawake wakaona vibaya, wakasema mtoto wa watu kapata msiba kwa ajili yao. Wakakutana bila kuniambia, wakakubaliana kwamba wakianika makonyo wataweka kanga nyekundu juu ya jamvi, ili nikiwa angani nijue. Nikaenda nyumba hadi nyumba kuwashukuru na kuwaeleza kwamba siruhusiwi tena kutazama huko. Dada yake Bi Mize akaniambia, "Hutazami weye, sie twaweka." Na wanaweka kweli. Nikipita juu naziona zile kanga, nacheka peke yangu, kisha naigeukia soksi ya upepo.

Mtihani nilifanya wiki tatu zilizopita, nikafaulu, nikarudishwa kiti changu. Lakini habari niliyotaka kukupa hasa si hiyo. Ni ya Jumanne iliyopita.

Jumanne nilikuwa na abiria kumi na mmoja kutoka Unguja. Upepo ubavuni, umechafuka, kijana yule yule mnarani. Safari hii hakuniambia nisubiri, alinisomea tu namba, na namba zilikuwa ndani ya kipimo. Nikashuka mpaka juu ya lami, nikainyoosha ndege, na Wallahi Baba, upepo ukaacha vile vile. Nikauhisi mguuni. Sikuungoja urudi. Nikaongeza nguvu, tukanyanyuka, uwanja ukapita chini yetu, nikamwambia kijana wa mnarani nazunguka. Nikazunguka mara mbili juu ya Wawi mpaka upepo ulipokaa sawa, nikatua, tairi la kushoto, la kulia, la mbele, hata mtoto aliyelala nyuma hakuamka.

Nikafungua mlango kuwaaga abiria. Mama mmoja wa makamo, buibui limemkaa vizuri na mkoba mkononi, akasimama mbele yangu akanitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, ndo weye rubani?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nlitazama saa yangu. Dakika kumi na moja nzima watuzungusha juu ya vichwa vya watu, na njia hino hapa twaiona sote. Nna watu wanningoja, wameshapakua. Ulikuwa watafuta nini?"

Ningeweza kumweleza habari ya upepo. Ningeweza kumwonyesha hata ule mfereji, maana bado haujafukiwa vizuri. Nikamwambia, "Nisamehe sana, Mama, nimekuchelewesha." Akaguna, akashuka ngazi akilalamika, na wenzake kumi wakamfuata, wengine nao wamenuna, wote kwa miguu yao. Nikasimama mlangoni nikiwatazama wanavyokwenda na mizigo yao, mpaka yule mama alipoingia ndani bado anaonyesha saa yake kwa mtu. Nilikuwa na furaha ambayo siku niliyopewa leseni sikuwa nayo.

Kwa hiyo, Baba, sirudi nyumbani, ila kwa likizo mwezi ujao, inshallah. Nakuomba usiniambie tena niache. Ukiwa na hasira kwa kuwa nilikudanganya kwenye simu, kasirika, haki yako, lakini unipe na radhi zako pamoja na hasira hizo.

Mwalimu Nuru atakukabidhi karafuu pakiti mbili na halua ya Wete. Halua ni ya Mama, na daktari hatakiwi kujua. Pakiti moja ya karafuu mpelekee Shangazi Mwajuma wa Kititimo, aliyenishonea sare ya kwanza ya shule, umwambie hizi ndizo zenyewe, si makonyo. Kaka Hamisi msalimie na umwambie aifute ile video. Mkewe mpe pole na hongera ya mtoto, nitamletea kanga. Kinyozi Shabani naye msalimie, usimsomee barua. Bi Mize anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema baba aliyemruhusu binti yake kuruka angani ana moyo au hana, bado hajaamua. Mama umwambie nimempenda jana na leo. Sehemu ya mfereji iruke ukimsomea.

Ni mimi binti yako, niliyechelewesha watu dakika kumi na moja,

Rehema